Maradhi Yako na Kazi Unayoomba

Msikilizaji wa Kedowa, una pumu, na Jumatatu unaenda kuomba kazi ya kuchuma chai. Je, useme?

Tuanze na haki yako. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 27, inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya hali yake ya afya. Sheria ya UKIMWI ya 2006 nayo inamkataza mwajiri kukulazimisha kupimwa virusi ndipo akuajiri. Basi maradhi si ya kuandikwa kwenye barua ya maombi.

Lakini kuna kazi na kazi. Baridi ya alfajiri na kapu zito mgongoni huweza kumbana kifua mwenye pumu. Ikiwa ugonjwa unagusa kazi yenyewe, sema ukishapewa nafasi, kabla hujaanza. Sema kwa ufupi: "Nina pumu, natumia dawa, kazi naiweza. Naomba niwe na dawa yangu ya kuvuta shambani." Ukiulizwa, usidanganye.

Ukinyimwa kazi kwa sababu ya maradhi, andika tarehe na maneno uliyoambiwa. Nenda ofisi ya leba mjini Kericho. Mahakama ya ajira pia iko huko.