Rafiki wa Kununuliwa: Tuulize Nini Kabla ya Kulipa?



Mlaji anaponunua pasi au feni anajua anachokipata. Chombo kikiharibika hukipeleka kwa fundi, na ikishindikana hununua kingine. Leo tunazungumzia bidhaa ya namna nyingine: roboti lenye sura au umbo la kumkumbusha mtu, linalobuniwa ili liwe mwenzi wa mzee anayeishi peke yake au wa mtoto asiye na wa kucheza naye. Maroboti hayo yameuzwa Japani na Marekani, na mtu wa kwetu anaweza kulipata kwa kuagiza mtandaoni au kwa zawadi ya jamaa aliye ughaibuni. Ni vyema tuyafahamu kabla hayajabisha hodi.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Upole wa roboti nao umeundwa. Tuchukue mfano wa Pepper, lililoanza kuuzwa kwa familia nchini Japani mwezi Juni 2015. Kimo chake ni kama sentimita 120, sawa na cha mtoto, nacho hakimtishi mtu aliyeketi. Macho yake ni makubwa, na mahali pa miguu lina magurudumu. Halikupewa sura kamili ya binadamu. Tangu mwaka 1970, mhandisi wa Kijapani Masahiro Mori alieleza kwamba chombo kinachofanana na mtu kwa kiasi hupendeza, lakini kikikaribia mno kufanana naye bila kufikia, humtia mtazamaji hofu.

Hatusemi kwamba ubunifu huo ni hila. Seremala naye hupima mgongo wa atakayekalia kiti. Tunachosema ni kwamba mapenzi yatakayomwingia mtoto au mzee ni ya kweli, ingawa upande wa pili hakuna moyo wa kuyapokea. Hapo ndipo uzito wa ununuzi huu ulipo.

Tuanze na bei. Pepper lilitangazwa kwa yeni 198,000. Hata hivyo, mnunuzi alitakiwa kulipa ada ya huduma ya yeni 14,800 kila mwezi kwa miaka 3, na bima ilikuwa na malipo yake ya kando. Ada hiyo ya huduma peke yake ilifika yeni 532,800, yaani zaidi ya mara mbili ya bei ya roboti lenyewe.

Jambo zito kuliko bei ni uhai wa bidhaa. Akili ya maroboti mengi ya aina hii haimo kichwani mwao. Imo katika kompyuta za kampuni, ng'ambo ya mbali, na hufikiwa kwa intaneti. Kompyuta hizo zikizimwa, rafiki hunyamaza, hata kama mwili wake ni mzima kabisa. Moxie ni roboti dogo lililobuniwa nchini Marekani kwa watoto wa miaka 5 hadi 10, likauzwa kwa dola 799. Mwezi Desemba 2024 kampuni iliyolitengeneza, Embodied, ilitangaza kwamba imekosa fedha na inafunga milango. Wazazi wakabaki wakitafuta maneno ya kumweleza mtoto kwa nini mwenzake ataacha kusema. Kampuni yenyewe iliandaa barua ya kuwasaidia katika mazungumzo hayo. Baadaye ilitolewa programu ya kuliendesha roboti hilo kwa kompyuta ya nyumbani, lakini kazi hiyo inadai ujuzi ambao si kila mzazi anao.

Jambo la tatu ni siri za nyumba. Rafiki anayesikia lazima awe na kinasa sauti, na anayeona lazima awe na kamera. Mwezi Februari 2017 mamlaka ya Ujerumani inayosimamia mawasiliano ilipiga marufuku mwanasesere anayezungumza aitwaye Cayla na kuwataka wazazi wamharibu, kwa kuwa mtu mwingine aliye karibu angeweza kujiunga naye bila kizuizi na kumsikiliza mtoto. Roboti NEO, lililoanza kupokea oda Oktoba 2025 kwa bei ya dola 20,000, likishindwa kazi fulani linaweza kuongozwa na mfanyakazi wa kampuni anayetazama kupitia kamera zake, kwa idhini ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba ajue basi kwamba anayeingia sebuleni huenda si mashine peke yake.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tunawashauri muulize maswali haya, na majibu myapate kwa maandishi:

1. Gharama yote ni kiasi gani kwa miaka 3, pamoja na ada, bima na intaneti?

2. Roboti litafanya nini intaneti ikikatika, au kampuni ikifungwa?

3. Sauti na picha zinahifadhiwa wapi, nani anaziona, na zinafutwaje? Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa madhumuni gani.

4. Fundi na vipuri viko wapi, na dhamana inafanya kazi katika nchi yetu?

Swali la tano mjiulize wenyewe: siku roboti hili litakaponyamaza, nani atakaa na mzee wetu, au na mtoto wetu? Kama jibu lipo, roboti linaweza kuwa burudani na msaada. Kama halipo, fedha hizo zitafutiwe kwanza nauli ya kumtembelea. Na atakayepewa roboti aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba ni mashine, imetengenezwa na watu, na ipo siku itazimwa.