JAMAA YA MUNGU: KUMBUKUMBU YA BABA ASKOFU JOSIAH KIBIRA

(Hotuba iliyotolewa katika Sherehe ya Jubilei ya Miaka Mia Moja ya Usharika)



Tumetimiza miaka mia. Katika siku kama hii ni vyema kumshukuru Mungu kwa ajili ya majengo, kengele na mashamba ya usharika. Lakini kanisa ni watu, nami nimeombwa nizungumze juu ya mtu mmoja ambaye maisha yake yanatufundisha maana ya kuwa watu wa Mungu. Huyo ni hayati Baba Askofu Josiah Kibira.

Alizaliwa Kashenye, Kiziba, mwaka 1925. Nyumba aliyozaliwa ilikwisha kuipokea Injili, kwa kuwa baba yake, Mzee Isaya, alikuwa miongoni mwa Wakristo wa mwanzo wa eneo lile. Ndugu zangu, tukumbuke kwamba kabla wamisionari wa Bethel hawajafika Bukoba mwaka 1910, walikuwapo Wahaya waliokwisha kulisikia Neno kutoka Buganda na kukutana kulisoma majumbani mwao. Kanisa letu lilianza barazani na jikoni, ndani ya jamaa, kabla halijapata hata bati moja la kuezekea.

Kijana Josiah alisoma, akawa mwalimu. Mwaka 1947 aliguswa na Uamsho wa Afrika Mashariki, ule wa Balokole, na tangu hapo imani ya wazazi ikawa imani yake mwenyewe. Alikwenda Ujerumani kusoma theolojia, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1960, na baadaye akasoma tena Boston, Marekani. Mwaka 1964 alipokea uaskofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi kutoka kwa Askofu Bengt Sundkler, Mswidi. Hivyo akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza Dayosisi hiyo, mwaka mmoja tu baada ya makanisa saba kuungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Mtu huyu aliyesoma mbali hakuudharau ukoo wake. Kinyume chake, alikaa chini akauchunguza. Kitabu chake juu ya kanisa, ukoo na dunia kilitolewa Lund, Uswidi, mwaka 1974. Sisi Wahaya tunajua nguvu ya oluganda. Mtu wa ukoo wako akifiwa, unalala matangani. Akiuguliwa, unamchangia. Mtoto wake akibaki bila baba, haulizwi na mtu atakula wapi, maana nyumba ya ndugu ni nyumba yake. Lakini tunajua pia upungufu wa ukoo. Una mpaka. Asiye wa kwetu hubaki nje ya ua, hata kama njaa yake ni sawa na yetu.

Hapo ndipo ninapoliona fundisho kuu la maisha yake. Injili haiji kuubomoa ukoo. Inakuja kuufungua mlango. Bwana wetu aliponyosha mkono kwa wanafunzi wake na kuwahesabu kuwa mama yake na ndugu zake, hakumkana Mariamu. Alipanua jamaa, ili na asiye na kwao apate kwao.

Jambo hili lilipimwa mbele ya dunia nzima mwaka 1977. Mkutano Mkuu wa Sita wa Shirikisho la Kilutheri Duniani ulifanyika Dar es Salaam, na Baba Kibira akachaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho, Mwafrika wa kwanza kuketi katika kiti hicho. Mkutano uleule ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika ni suala la ukiri wa imani, wala si siasa tu. Maana yake ni rahisi, na hata bibi zetu wangeielewa: ndugu wasioweza kula meza moja wamekana undugu wao. Mwaka 1984, mwishoni mwa kipindi chake, Mkutano Mkuu wa Budapest ulisimamisha uanachama wa makanisa mawili ya wazungu ya kusini mwa Afrika. Lilikuwa jambo zito, lakini jamaa isiyoweza kumwonya ndugu si jamaa.

Huku nyumbani nako majaribu hayakukosa. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia mkoa wetu, na watu wa ng'ambo ya Mto Kagera wakakimbia wakiacha migomba na mifugo. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambulikana hapa Kagera. Miaka iliyofuata tuliona nyumba ambazo bibi alibaki peke yake na wajukuu. Ukoo ulielemewa. Ndipo ikadhihirika kama kanisa ni jamaa kweli, au ni mahali pa kukutana Jumapili tu.

Tusiwasahau waliomtoa kwa ajili yetu. Mkewe, Mama Martha, na watoto wao waligawana baba na Dayosisi nzima, na baadaye na dunia nzima. Mtume Paulo anamtaka askofu aitunze vema nyumba yake kwanza. Basi nasi tuwashukuru walioitunza nyumba hiyo wakati baba yuko safarini. Tena miaka yake ya mwisho hakuwa na nguvu za kusafiri. Ugonjwa wa Parkinson ulimdhoofisha, naye aliyewabeba wengi akabebwa na wengine. Alilala katika Bwana Julai 1988.

Wapendwa, Baba Kibira anakumbukwa kwa fundisho kwamba hakuna kanisa kubwa mno hata lisihitaji kupokea, wala dogo mno hata lisiweze kutoa. Miaka mia ya kwanza tulipokea mengi: walimu, dawa, vitabu, mabati. Je, miaka mia ya pili tutakuwa watu wa kutoa? Yuko mjane ambaye mashemeji wamemwondoa shambani. Yuko kijana wa kibarua aliyetoka mbali, anayeketi benchi la nyuma na kuondoka bila mtu kumuuliza jina. Yuko mgonjwa ambaye ukoo wake umechoka. Tusingoje mradi wala mfadhili. Wazee wa Kanisa, tuwaandike majina yao. Akina mama, vijana, kwaya, tuwafikie nyumbani kwao wiki hii.

Tukifanya hivyo, watakaoadhimisha miaka mia mbili ya usharika huu watakuwamo wajukuu wa watu ambao leo hawana ukoo kati yetu, nao watasema: hapa ndipo kwetu.

Mungu awabariki. Amina.