Kumtumikia Jirani wa Kabila Lingine

Leo tuzungumze juu ya utumishi mdogo: kuteka maji, kuazimisha jembe, kubeba mgonjwa. Pengine unasema: hayo yana uzito gani mbele ya bunduki? Nisikilize kidogo.

Kumbuka mwezi wa tatu wa mwaka 1993. Mauaji yalianzia sokoni Ntoto, kule Walikale, yakaenea mpaka Masisi. Soko ni mahali pa kupimiana maharagwe na kuulizana habari za watoto. Pale jirani alipohesabiwa kuwa kabila tu, panga lilipata njia.

Sheria inasema nini? Kifungu cha 66 cha Katiba ya mwaka 2006 kinampa kila Mkongomani wajibu wa kumheshimu mwananchi mwenzake na kumtendea bila ubaguzi. Lakini hakuna hakimu awezaye kukulazimisha kuweka bega chini ya kipoyi cha mgonjwa wa kabila lingine. Hapo ndipo imani inapoanza kazi yake.

Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alitoa mfano wa Msamaria, mtu wa taifa lililodharauliwa. Msamaria yule hakuhubiri. Alifunga vidonda, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akalipa gharama ya nyumba ya wageni.

Sisemi kwamba wema huzuia risasi kila mara. Watawa wa Mokoto, katika Masisi, waliwafungulia mlango watu waliokimbia vita. Tarehe 12 Mei 1996 wenye silaha waliwashambulia wakimbizi wale katika monasteri, wakaua wengi. Je, watawa walikosa kwa kufungua mlango? Hapana, aliyekosa ni aliyeua.

Basi, ndugu, kumsaidia mtu wa kwenu ni vizuri, lakini hata asiye na imani hufanya hivyo. Jipime kwa yule mwingine: mjane wa kabila unaloliogopa, ambaye paa lake linavuja. Usingoje mkutano wa wakubwa. Wiki hii mtengenezee paa. Na katika kijiji chenu, pangeni zamu za kipoyi, kila zamu iwe na watu wa makabila yote.

Siku mchochezi atakapokuja usiku kukuambia kwamba jirani yako ni adui, utamwuliza: adui gani huyu, aliyembeba mama yangu mpaka kituo cha afya?