NDEGE NDIYE MPANDAJI WA MUGUMO
Hotuba kwa watu wa Thika na Ruiru



Watu wa Thika wanazo habari za mugumo ulioanguka mwaka 1963. Yasimuliwa kwamba Mugo wa Kibiru alitabiri kuwa mti ule utakapoanguka utawala wa wageni utakwisha, na ya kwamba Serikali ya kikoloni iliuzungushia chuma ili usimame. Hata hivyo ulianguka, na mwaka ule ule Kenya ikapata uhuru. Habari hizo ni maarufu. Lakini ni wachache waangaliao jinsi mugumo unavyozaliwa.

Ninga, shore na hondohondo hula matunda yake, kisha huruka wakatue juu ya mti mwingine. Mbegu hutoka katika mavi yao, ikanata penye panda ya tawi. Huko juu, mbali na udongo, huota. Mizizi hushuka polepole kama kamba hata ifike ardhini. Ndipo hunenepa, ikaukumbatia mti ulioubeba, na mara nyingi mti ule hufa. Basi ndege ndiye mkulima wa mugumo.

Naye hulipwa ujira wake. Migumo haizai yote kwa wakati mmoja. Huu ukimaliza, ule waanza. Kwa hiyo hata matunda mengine yakiadimika, ndege hupata chakula. Mtu apendaye kuwatazama si lazima asafiri mpaka msitu wa Kakamega. Na akae kimya alfajiri chini ya mugumo wenye matunda, kando ya mto Chania au mto Ruiru, atawaona wakija.

Wazee wa Kikuyu walipofyeka msitu wapate mashamba, waliuacha mugumo, kwa kuwa ulikuwa mahali pa kumwomba Ngai, na kuukata ulikuwa mwiko. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alieleza kwamba utotoni mwake huko Nyeri mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo, na karibu na mti huo palikuwa na kijito. Baada ya kurudi kutoka masomoni Marekani alikuta mti umekatwa na kijito kimekauka.

Siku hizi mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru na Thika yanageuka kuwa mitaa ya nyumba. Watu hawana budi kupata mahali pa kukaa. Lakini ukingo wa mto yafaa uachiwe miti yake. Mugumo ukikatwa, ndege huhama. Na ndege akihama, mpandaji amekwenda zake. Mwenye kutaka kupanda na achukue tawi nene, alichimbie wakati wa masika, na kulikinga na mbuzi.

Chuma hakikuusimamisha mugumo wa Thika. Ndege hahitaji chuma. Ahitaji mti wa kutua.