Shamba lina wenyewe wangapi? Mali, mashahidi na daftari la kijiji katika Bonde la Ruzizi



Nimeombwa kuzungumzia katika warsha hii maisha na mali katika vijiji vyetu vya mashariki mwa Kongo, kuanzia Kamanyola ukishuka na barabara ya taifa namba 5 hadi Makobola. Nitakaa zaidi kwenye ardhi, maana mali nyingine zote za mkulima wa huku zinaiegemea: nyumba ya matofali mabichi, mbuzi wawili watatu, baiskeli ya kupeleka mihogo sokoni, gunia la mpunga lililowekwa kwa ajili ya ada ya shule. Shamba likimtoka mtu mkononi, hivyo vingine vinafuata upesi.

Ninalotaka kusema ni hili: mali ya kijijini kwetu imehifadhiwa katika vichwa vya mashahidi, na mashahidi hao wanatutoka. Kabla hatujakimbilia hati za mjini, tuandike haki zilizopo, kijiji kwa kijiji, wakati wanaozijua wangali hai.

Mpita njia akiona shamba la mihogo pale Sange au Luberizi atadhani lina mwenyewe mmoja. Mwenyeji anajua kwamba lina wengi. Mwami, mkuu wetu wa kimila, ana haki yake, inayoshuka kwa chifu wa groupement (kundi la vijiji) hadi kwa chifu wa kijiji. Ukoo uliofyeka pori pale mwanzo una haki yake. Baba wa nyumba amegawiwa sehemu. Mke wake ndiye anayelima, anapanda maharage katikati ya mihogo, anachuma sombe (majani ya mihogo), na chakula cha nyumba kiko chini ya ulinzi wake. Huenda upande mmoja umeazimwa kwa jirani anayelipa fungu la mavuno. Kiangazi kikifika, mfugaji anayeshuka na ng'ombe kutoka milimani naye anadai njia ya kupita na mahali pa kunywesha. Hakuna hata mmoja kati ya hawa ambaye ni mwizi. Kila mmoja ana haki ya kweli, ila haki zao hazilingani.

Kwenye ukanda wa ziwa Tanganyika, kuelekea Makobola na Swima, yako mambo ya miti. Mchikichi unaweza kuwa na mwenyewe asiye mwenye ardhi: babu aliupanda, wajukuu wanavuna ngazi, yaani chikichi zake, na udongo chini yake unalimwa na mwingine. Ndiyo maana anayeazimwa shamba hukatazwa kupanda michikichi, migomba au miembe. Apande mihogo, mahindi, karanga, kitu cha kung'olewa. Mti unaodumu ni dai linalodumu. Pia ndiyo maana mpaka hupandwa minyaa: mmea ule hauliwi na mbuzi, na mtoto anayekua huku akiuona huwa shahidi bila kuitwa.

Mpangilio huu una akili nyingi, na sipendi unapoitwa ushenzi. Umelisha watu wa bonde hili kwa vizazi. Lakini unahitaji masharti mawili: watu wakae mahali pamoja, na wazee wafe kwa zamu, mmoja mmoja, wakiwa wamekwisha kuwarithisha wadogo maneno. Masharti yote mawili yamevunjika kwetu.

Vita vya 1996, na tena vya 1998, vilimwaga watu wetu ng'ambo ya ziwa hadi Kigoma na kambi ya Nyarugusu. Wengine walikaa huko miaka kumi na zaidi. Waliporudi walikuta shamba la baba lina mazao ya mtu mwingine, na huyo mwingine mara nyingi alikuwa amelipata kwa njia anayoiamini ni halali: alipeleka mbuzi na pombe kwa chifu aliyekuwepo, akaonyeshwa mpaka mbele ya watu. Chifu wa kwanza amekufa, mashahidi wa kwanza wametawanyika. Hapo watu wawili wanasimama kwenye udongo mmoja, wote wanasema kweli. Na nyuma yao walikuwepo wakimbizi waliotoka Burundi, wa 1972 na wa 1993, ambao baadhi yao walipewa mahali pa kulima kwa neno la mdomo tu. Mashahidi wengine walitutoka usiku mmoja tu: tarehe 2 Julai 2010, moto wa lori la mafuta pale Sange uliua watu zaidi ya 200. Tuliwalilia kama ndugu, na ilikuwa haki yetu kulia. Lakini jiulizeni pia ni mipaka mingapi, ni madeni mangapi ya mashamba yaliyoazimwa, yalizikwa pamoja nao.

Maji nayo hayana huruma na mpaka. Usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulibomoa mitaa ya Uvira, na tangu miaka hiyo ziwa limepanda mpaka kuingia nyumba za Kavimvira na Kalundu. Aliyepoteza kiwanja, au parseli kama tusemavyo, hutafuta shamba kwa wajomba kijijini, na huko anakuta ardhi imekwisha kugawanywa vipande vidogo.

Je, sheria ya nchi inasemaje? Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, katika ibara ya 53, inasema udongo ni mali ya Dola peke yake, hauuziki wala haki hiyo haipotei kwa kupita kwa muda. Ibara za 387 hadi 389 zinaigusa ardhi ya jamii za vijijini: imekuwa ya Dola, na haki za wanaoikalia kimila zingepangwa kwa amri ya Rais. Miaka hamsini ilipita bila amri hiyo kutoka. Katiba ya 2006, ibara ya 34, inailinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Basi mkulima wa Runingu analindwa na Katiba kwa neno moja, huku sheria ya ardhi ikiwa imemwacha mlangoni. Na mlango huo unapitwa kwa urahisi na mwenye fedha: anapata saini ya chifu, anakwenda kwa mpima ardhi, anatoka na hati ya usajili ya hekta ambazo familia ishirini zinalima. Hati inaona jina moja. Zile haki nyingine zote nilizozitaja hazina mstari wa kuandikwa.

Kiliba inatufundisha jambo hili vizuri. Kiwanda cha sukari kilisimama kwa vita vya 1996, na watu wakapanda chakula palipokuwa na miwa. Kwenye makaratasi ni ardhi ya miwa, kwenye maisha ni mihogo na mahindi ya familia, wakati mwingine ya kizazi cha pili. Kila inapovuma habari kwamba kiwanda kitafufuliwa, mama anayelima pale hajui kama apande au angoje. Mimi nataka kiwanda kirudi, kwa ajili ya kazi za vijana. Ila kirudi kwa mazungumzo na waliolima, wakihesabiwa na mazao yao yakipimwa.

Nije kwa wanawake, maana hapa ndipo panaponiuma zaidi. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, haitofautishi mtoto wa kike na wa kiume katika urithi, na inampa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyoishi na mumewe. Kijijini, siku ya arobaini haijapita, shemeji amekwisha kuhesabu mabati. Mwanamke amelima kipande kile miaka ishirini, anakijua kila jiwe lake, lakini akisimama barazani huambiwa hakuwepo siku mpaka ulipoonyeshwa. Ni kweli hakuwepo: hakuitwa.

Na wafugaji. Wazee wanakumbuka itulo, malipo ambayo mfugaji aliwapa wenye ardhi kwa ajili ya malisho na njia. Ilikuwa zaidi ya malipo, ilikuwa namna ya kutambuana. Itulo ikianza kutozwa na wenye bunduki badala ya wenye ardhi, mkulima hapati kitu, mfugaji analipa mara mbili tatu, na ng'ombe wanaingia mihogoni. Damu iliyomwagika kwenye bonde hili, mauaji ya Mutarule ya mwaka 2014 yakiwa mfano mmoja, haikutoka kwenye ardhi peke yake, lakini ugomvi wa malisho na mashamba ulikuwa kuni zake.

Wenzetu wa nchi nyingine wamejaribu njia kadhaa za kuandika haki kama hizi. Kisiwani Java, huko Indonesia, mpunga umelimwa katika vijiji vilivyosongamana kama vyetu: mwenye shamba, mkulima wa nusu kwa nusu, na wavunaji wanaolipwa fungu la mpunga waliovuna, wote juu ya jaruba moja. Ofisi ya kijiji ina daftari liitwalo Letter C, na kwa miaka mingi watu walilitegemea kama ushahidi hata bila hati ya serikali. Kasoro yake ni kwamba lilianza kama daftari la kodi, likaandika mlipa kodi na kumsahau mlimaji. Jirani zetu Tanzania walitunga Sheria ya Ardhi ya Vijiji mwaka 1999: kijiji chenyewe kinatunza rejesta na kutoa hati ya kimila, na baraza la usuluhishi la watu 7 lazima liwe na wanawake 3.

Kwa hiyo ninapendekeza tuanze na vijiji vichache, mfano kimoja cha mpunga karibu na Luberizi, kimoja cha michikichi upande wa Makobola, kimoja cha miwa Kiliba. Daftari liandikwe barazani, mchana, kwa Kiswahili, baada ya kutembea mipakani pamoja na majirani wa pande zote nne. Kila shamba lipewe ukurasa mzima, wenye nafasi ya ukoo, ya mume na mke kwa majina yao wote wawili, ya aliyeazimwa na masharti yake, ya mwenye miti, na ya njia ya ng'ombe. Palipo na mgogoro paandikwe mgogoro, madai ya pande zote, bila kulazimisha jibu siku hiyo. Aliye Nyarugusu au Kigoma atajwe ikiwa majirani wanamkumbuka.

Najua hofu ya machifu, kwamba daftari litawanyang'anya kauli. Wazee wangu, chifu aliyegawa kwa haki atapata humo ulinzi wa neno lake, hata akishafariki. Anayepaswa kuogopa ni yule aliyegawa shamba moja mara mbili. Ninachoomba kwenu kabla warsha haijafungwa ni uamuzi wa nani atatunza nakala za daftari. Daftari likikaa kwa chifu peke yake, litaungua naye au litabadilishwa usiku. Mimi nashauri nakala moja ibaki kwa chifu, moja kwa chama cha akina mama wa kijiji, na ya tatu ipelekwe nje ya kijiji, kwenye mahakama ya amani mjini Uvira.