Wi-Fi ya bure isituponze: maneno yangu kwa makamanda wa Kilosa na Mikumi



Leo naongelea simu zilizo mifukoni mwenu. Mikumi tuko kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa, watalii wanakuja hifadhini, na baadhi ya hoteli zina Wi-Fi. Bando likikata tunakimbilia huko. Sio dhambi, bando ni hela. Ila kwenye simu hiyo kuna majina ya wanachama, namba za mawakala na, siku ya kura, picha ya fomu ya matokeo. Ukizembea, huumii peke yako.

Shikeni haya manne.

Moja, uliza kwanza: "Dada, Wi-Fi yenu inaitwaje?" Mtu yeyote anaweza kuwasha hotspoti akaipa jina la hoteli, nawe ukajiunga kwake.

Pili, ukurasa wa kujiunga ukikuomba PIN ya M-Pesa au nywila ya barua pepe, toka hapo hapo. Hakuna Wi-Fi ya halali inayohitaji vitu hivyo.

Tatu, mwenye mtandao anaweza kujua unatembelea tovuti gani. Unachoandika ndani hakisomi kama anwani inaanza na https. WhatsApp nayo tangu 2016 inafunga ujumbe toka simu yako mpaka ya mwenzako. Lakini simu ikikuonya kwamba tovuti sio salama, halafu ukabonyeza "endelea", mlango umeufungua mwenyewe.

Nne, ukimaliza ingia kwenye mipangilio, ufute mtandao huo. Usipofuta, kesho simu inaweza kujiunga yenyewe na mtandao feki wenye jina lile lile.

Najua mtaniuliza VPN. Oktoba 2023 TCRA walitangaza kwamba wanaotumia VPN wajisajili, kwa hiyo lijueni hilo kabla. Na VPN ya bure ya mtu usiyemjua inapitisha mambo yako yote kwake.

Jingine: tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima. Siku kama hiyo Wi-Fi ya hoteli nayo inakufa, maana chanzo ni kile kile. Wakala, namba za fomu ziwe kwenye karatasi pia.

Sasa siasa yenyewe. Sisi wa Mikumi tuna hoteli za kukimbilia. Kijana wa kijiji cha ndani Kilosa ana nini? Ibara ya 18 ya Katiba inampa haki ya kutafuta na kupokea habari. Sheria ya 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili huduma ifike hata kule makampuni yasikoona faida. Anayekuja kuomba kura tumuulize: Wi-Fi ya shule, zahanati na stendi, lini? Nani atalipa bili kila mwezi? Asiondoke bila jibu.

Kabla hatujatawanyika, kila mmoja afute mitandao yote ya zamani kwenye simu yake. Anayekwama, aje hapa mbele tusaidiane.