UKUTA UNAOTUNZA JOTO

Ndugu wakulima, leo tunaacha mahindi na viazi, tuzungumzie nyumba unayolala baada ya kutoka shamba.

Ninyi wa Njombe mnaijua baridi ya Juni na Julai. Makambako nako upepo haupumziki. Mchana jua linawaka, lakini usiku ukiingia utadhani hukuliona. Ndipo mtu huingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga mlango na dirisha, akalala. Ndugu zangu, wapo waliolala hivyo wasiamke. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hata kama umeshika vizuri na moshi umekwisha, usilale nao.

Sasa tufanyeje? Tazama mafiga. Moto ukishazimika, mawe yale hubaki na joto muda mrefu. Kitu kizito hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Ukuta mnene wa tofali ni hivyo hivyo: hunywa jua mchana, usiku hulirudisha chumbani. Bati haliwezi. Saa sita linachoma, jioni limekwisha poa.

Kwa hiyo, unapojenga:

Kwanza, laza tofali, usilisimamishe. Tofali zitaongezeka, lakini ukuta utakuwa mnene.

Pili, elekeza ukuta mrefu na madirisha kaskazini. Simama uani saa sita mchana mwezi wa Juni: kivuli chako kitalala kusini, upande wa Songea. Basi jua liko kaskazini. Usilizibe kwa miti. Miti ya kukinga upepo ipande upande unakotoka upepo.

Tatu, weka dari. Joto hupanda juu, na likikuta bati tupu linakwenda zake. Mbao za misindano si haba Njombe. Hata mabanzi yanafaa.

Nne, ziba nyufa kwa udongo, ila acha tundu la hewa. Funga madirisha mapema, kabla jua halijazama.

Uliyekwisha jenga usikate tamaa: anza na dari na nyufa. Siku za ukungu ukuta hautapata kitu cha kutunza, kwa hiyo blanketi bado lina kazi. Lakini jiko, ndugu yangu, libaki jikoni.